Kuchora grafu ya kauli za kutolingana: mstari wa mpaka na upande wa kutia kivuli

Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kuchora mstari wa mlinganyo kama 2x + 3y = 12 ana karibu kila kitu anachohitaji ili achore grafu ya kauli ya kutolingana kama 2x + 3y < 12. Kilichobaki ni maamuzi mawili tu: mstari uchorwe mzima au wa kukatika-katika, na kivuli kitiwe upande upi. Uamuzi wa kwanza ni mwepesi na haumsumbui mtu kwa muda mrefu. Wa pili ndio unaowapokonya watahiniwa alama walizokwisha kuzifanyia kazi, na chanzo chake si ugumu wa hesabu. Chanzo ni kwamba zipo desturi mbili za kutia kivuli zinazopingana, na mwanafunzi wa Mombasa hukutana na zote mbili, moja darasani na nyingine kwenye simu.

Mada hii huanza katika Kidato cha Pili kwa waliosoma mtaala wa 8-4-4, na katika Gredi ya 9 kwa watoto wa mtaala mpya, kisha hurudi katika Kidato cha Nne ikiwa imebeba maswali ya faida na gharama. Nitaipitia kwa mpangilio ambao ningeufuata nikiwa nimeketi mezani na mwanafunzi mmoja mwenye karatasi ya grafu, rula ya sentimita 30 na penseli iliyochongwa vizuri. Mzazi anayemsaidia mtoto wake kazi ya nyumbani ataweza kuufuata pia, hata kama aliagana na hisabati zamani.

Mstari ni mpaka

Kauli ya kutolingana yenye x na y haina jibu moja. Jibu lake ni kundi la nukta zisizohesabika, na grafu ni njia ya kulionyesha kundi hilo lote kwa mara moja. Tuchukue 2x + 3y < 12. Nukta (1, 1) inaifanya kauli iwe kweli, kwa sababu 2 + 3 ni 5, na 5 ni ndogo kuliko 12. Nukta (0, 3) inatoa 9, nayo pia imo. Nukta (−4, 2) inatoa −2, imo. Nukta (5, 4) inatoa 22, hiyo imetoka nje. Ukiendelea hivi hutamaliza leo wala kesho, ndiyo maana tunachora.

Mstari wa 2x + 3y = 12 hugawa bapa lote pande mbili. Katika upande mmoja, thamani ya 2x + 3y iko chini ya 12 kila mahali. Katika upande wa pili iko juu ya 12 kila mahali. Na kwenye mstari wenyewe ni 12 kamili. Haiwezekani thamani hiyo itoke 10 ifike 15 bila kupitia 12, kama vile mtu aliye kisiwani hawezi kufika Likoni bila kuvuka maji. Kwa hiyo nukta moja ya majaribio inatosha kutoa hukumu ya upande mzima. Mwanafunzi asiyeielewa sababu hii huishia kukariri kanuni za «juu» na «chini» ambazo, kama tutakavyoona, humwangusha pale alama ya kutoa inapojitokeza mbele ya y.

Kuchora 2x + 3y < 12

Anza na mihimili. Kabla hujachora chochote, tafuta mahali ambapo mstari utakata mhimili wa x na mhimili wa y, kwa sababu nukta hizo mbili ndizo zitakazokuambia mihimili iwe mirefu kiasi gani. Ukiweka y = 0, unapata 2x = 12, yaani x = 6, na nukta yako ni (6, 0). Ukiweka x = 0, unapata 3y = 12, yaani y = 4, na nukta yako ni (0, 4). Mhimili wa x unaotoka −2 hadi 8 na mhimili wa y unaotoka −2 hadi 6 utatosha, kwa kipimo cha sentimita moja kwa kila namba moja. Kwenye karatasi yenye miraba midogo ya milimita mbili, kila mraba mdogo utasimama badala ya 0.2. Hesabu hiyo iandike pembeni, maana wengi huusoma mraba mdogo kama 0.1 na nukta zote zinahama.

Nukta mbili zinatosha kuchora mstari nyoofu, lakini chukua ya tatu kwa ajili ya ukaguzi. Ukiweka x = 3, unapata 6 + 3y = 12, na y ni 2. Weka alama ndogo ya msalaba kwenye (6, 0), (0, 4) na (3, 2), kisha laza rula. Zikikataa kulingana, moja kati yake imekosewa, na ni heri ulijue hilo sasa kuliko baada ya kutia kivuli. Mstari usiishie kwenye mihimili. Uendelee kupita pande zote mbili, kwa kuwa mpaka wenyewe hauna mwisho.

Hapa ndipo unapoamua sura ya mstari. Kauli yetu ina <, maana yake 12 yenyewe haikubaliki, hivyo nukta zilizo kwenye mstari si sehemu ya jibu. Mstari wa namna hiyo huchorwa kwa vistari vifupi vilivyoachana, na ndio tunaouita mstari wa kukatika-katika. Kauli ingekuwa na ≤, nukta za mstari zingekuwa sehemu ya jibu na mstari ungechorwa mzima. Hali ni hiyo hiyo kwa > na ≥. Anayesahau lipi ni lipi aangalie kistari kilicho chini ya alama: alama yenye kistari hupata mstari mzima, isiyo nacho hupata uliokatika. (Alama za < na > zilichapishwa kwanza mwaka 1631 katika kazi ya Mwingereza Thomas Harriot, na wazo la kuziongezea mistari chini ili zibebe usawa pia lilitoka kwa Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Kwa hivyo alama hizo zilisubiri karne nzima kabla ya kupata kistari chao.)

Sasa nukta ya majaribio. Iliyo rahisi kuliko zote ni (0, 0), mradi mstari haupiti hapo. Weka sifuri mahali pa x na y: 0 + 0 < 12. Ni kweli. Basi upande wenye (0, 0) ndio unaotakiwa, na upande wa pili, ule wa juu kulia, hautakiwi. Iandike hesabu hiyo fupi kwenye karatasi yako ya majibu, usiifanye kichwani tu, maana msahihishaji hawezi kukupa alama ya kazi asiyoiona.

Kivuli upande gani?

Katika shule za Kenya na katika mtihani wa KCSE, desturi ni kutia kivuli upande usiotakiwa na kuuacha mweupe ule unaotakiwa, kisha kuandika herufi R ndani ya eneo lililobaki jeupe. Katika masomo mengi ya video yanayotoka Marekani, desturi ni kinyume chake: kivuli hutiwa upande unaotakiwa. Programu ya Desmos, ambayo wanafunzi wengi hupenda kuitumia kuhakiki kazi zao, hupaka rangi upande unaotakiwa pia. Mtoto akitazama video usiku na kufanya jaribio asubuhi, anaweza kuchora mistari yote kwa usahihi na kupaka kivuli juu ya jibu lake mwenyewe.

Hakuna desturi iliyo sahihi kuliko nyingine kihisabati, ila mimi naiona ya kwetu kuwa bora, na sababu yangu ni ya kivitendo. Kauli ikiwa moja, hakuna tofauti. Zikiwa nne au tano, anayetia kivuli upande unaotakiwa atakuwa na tabaka nne au tano za penseli zilizolaliana, na atalazimika kutafuta pahala ambapo tabaka zote zimekutana. Ukitia kivuli pande zisizotakiwa, jibu hubaki jeupe, na macho huliona mara moja. Jambo moja tu linatangulia desturi yoyote: maneno ya swali. Swali likisema utie kivuli eneo linalotimiza masharti, fanya hivyo hivyo. Na kwa vyovyote vile, andika pembeni mwa grafu sentensi moja inayosema kivuli chako kina maana gani.

Kivuli chenyewe kisiwe cha kujaza penseli mpaka karatasi ing'ae. Vistari vya mshazari vinavyoanzia kwenye mstari wa mpaka na kwenda nje kwa upana wa sentimita moja hivi vinatosha. Katika joto la Februari na Machi hapa Mombasa, kiganja chenye jasho huifuta penseli na kuipaka karatasi yote uchafu wa kijivu, hata usijue palipo na kivuli na palipo peupe. Weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono unapochora, na uanze kutia kivuli baada ya mistari yote kukamilika.

Pale kanuni ya «juu na chini» inapokwama

Wapo wanaofundishwa kwamba > humaanisha juu ya mstari na < humaanisha chini yake. Kanuni hiyo ni kweli kwa sharti moja: y iwe peke yake upande wa kushoto, na isiwe na alama ya kutoa. Tazama x − 2y > 6. Mwenye kukariri ataona > na kuchukua upande wa juu. Sasa tuitenge y. Tukihamisha x, tunapata −2y > 6 − x. Tukigawanya kote kwa −2, alama lazima igeuke, na tunapata y < x/2 − 3. Upande unaotakiwa ni wa chini.

Kwa nini alama hugeuka? Chukua namba mbili zisizo na ubishi, 3 na 5. Tatu ni ndogo kuliko tano. Zizidishe zote kwa −1, upate −3 na −5, na sasa −3 ndiyo kubwa. Ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi, mpangilio wa namba hupinduka, na alama lazima ipinduke nao. Ukijumlisha au kutoa, mpangilio haubadiliki na alama hubaki ilivyo.

Anayetumia nukta ya majaribio hana haja ya kuhangaika na yote hayo. Mstari wa x − 2y = 6 unakata mihimili kwenye (6, 0) na (0, −3). Jaribu (0, 0) kwenye kauli ya awali: 0 > 6 si kweli. Kwa hiyo upande wenye (0, 0) hautakiwi, na ndio unaotiwa kivuli. Ukitaka uhakika zaidi, jaribu nukta ya upande wa pili, kwa mfano (8, 0): 8 > 6 ni kweli. Zingatia kwamba nukta huwekwa kwenye kauli kama ilivyoandikwa na swali, si kwenye ile uliyoipanga upya, kwa sababu ukiwa umekosea katika kupanga, jaribio lako litathibitisha kosa.

Nukta ya (0, 0) ina udhaifu mmoja: haifai mstari unapopita hapo hapo. Kwa y ≥ 2x, kuweka sifuri kunatoa 0 ≥ 0, jambo ambalo ni kweli lakini halikuambii lolote kuhusu pande mbili, maana umesimama juu ya mpaka. Chagua nukta nyingine iliyo wazi kabisa upande mmoja, kama (1, 0). Unapata 0 ≥ 2, si kweli. Upande wa kulia wa mstari hautakiwi.

Mistari ya wima na ya mlalo

Kauli yenye herufi moja tu, kama x ≥ −2 au y < 3, ndiyo rahisi kuliko zote, ila huchorwa vibaya mara kwa mara. Mstari wa x = −2 ni wa wima, kwa sababu kila nukta iliyo juu yake ina x ya −2, y ikiwa yoyote ile. Mtoto huona x, hukumbuka mhimili wa x ulivyolala, na kulaza mstari. Mwambie aandike nukta tatu zenye x ya −2, mathalani (−2, 0), (−2, 1) na (−2, 5), na mstari utasimama wenyewe. Kauli ya pande mbili kama −2 < x ≤ 3 ni kauli mbili zilizoandikwa pamoja: huchorewa mstari wa kukatika-katika kwenye −2 na mstari mzima kwenye 3, na kivuli hutiwa nje ya yote miwili.

Kauli kadhaa kwa pamoja, na nukta za namba kamili

Swali linaweza kukupa kauli tatu: x ≥ 1, y ≥ 1 na 2x + 3y < 12, kisha likakutaka utaje nukta zote zenye namba kamili zilizo ndani ya eneo. Chora mistari mitatu, tia kivuli pande tatu zisizotakiwa, na utabaki na pembetatu nyeupe. Sasa pita safu kwa safu. Ambapo y = 1, 2x lazima iwe chini ya 9, hivyo x inaweza kuwa 1, 2, 3 au 4. Ambapo y = 2, 2x lazima iwe chini ya 6, hivyo x ni 1 au 2. Ambapo y = 3, 2x lazima iwe chini ya 3, na x ni 1 peke yake. Jumla ni nukta saba.

Angalia kwa makini nukta ya (3, 2). Kwenye grafu iko pale pale juu ya mstari, na jicho lenye haraka litaihesabu. Lakini mstari huo umekatika-katika, na 6 + 6 ni 12 kamili, ambayo haikubaliki. Kauli ingekuwa 2x + 3y ≤ 12, nukta hiyo ingeingia na jumla ingekuwa nane. Kumbe sura ya mstari ina maana yake katika hesabu, si pambo la mchoro.

Kutoka kwenye grafu kurudi kwenye kauli

Swali hili ni lile lile limegeuzwa. Unapewa mstari mzima unaopita (0, 3) na (6, 0), eneo jeupe likiwa upande wa juu, na unatakiwa uandike kauli. Tafuta mteremko kwanza: y imeshuka 3 wakati x imeongezeka 6, kwa hiyo mteremko ni −1/2. Mlinganyo ni y = −x/2 + 3, na ukizidisha kote kwa 2 unapata x + 2y = 6. Sasa chagua nukta ndani ya eneo jeupe, tuseme (5, 4): 5 + 8 ni 13, kubwa kuliko 6. Mstari ni mzima, hivyo usawa umo. Kauli ni x + 2y ≥ 6. Kabla ya kuandika jibu, hakikisha umesoma kama eneo linalotakiwa ni jeupe au ndilo lenye kivuli.

Mahamri, viazi karai na faida

Katika Kidato cha Nne, kauli hazitolewi zikiwa tayari. Huchimbwa kutoka kwenye maneno. Katika karatasi ya pili ya hisabati ya KCSE, sehemu ya pili huwa na maswali manane ya alama 10 kila moja, na mtahiniwa huchagua matano. Likiwamo la namna hii, mwenye mkono mzuri wa grafu halikimbii.

Tuseme mama mmoja wa Majengo huamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri na viazi karai, na anataka awe amemaliza saa kumi na mbili na dakika 40. Ana karai moja na jiko moja. Kila kilo ya unga wa mahamri humgharimu shilingi 200 pamoja na nazi, iliki, sukari na mafuta, na huchukua dakika 10 jikoni. Kila kilo ya viazi humgharimu shilingi 100, na huchukua dakika 20. Ana mtaji wa shilingi 2,000. Wateja wake wa kila siku wanahitaji angalau kilo 3 za mahamri na angalau kilo 2 za viazi. Faida ni shilingi 120 kwa kilo ya mahamri na shilingi 100 kwa kilo ya viazi. Namba hizi ni za mfano, wala asizichukue mtu kwenda kupangia biashara.

Anza kwa kuandika herufi zinasimama badala ya nini: x ni kilo za unga wa mahamri, y ni kilo za viazi. Hatua hii ina alama yake, na anayeiruka hujikuta katikati ya kazi hajui x ni kitu gani. Pesa: 200x + 100y ≤ 2000, na ukigawanya kwa 100, 2x + y ≤ 20. Muda ni dakika 160: 10x + 20y ≤ 160, yaani x + 2y ≤ 16. Mahitaji ya wateja: x ≥ 3 na y ≥ 2.

Maneno ndiyo yanayohitaji subira zaidi kuliko mistari. «Angalau» na «si chini ya» ni ≥. «Hazizidi» na «si zaidi ya» ni ≤. Matatu ya viti 14 hubeba abiria wasiozidi 14, na 14 wenyewe wanaruhusiwa. «Zaidi ya» peke yake ni >, na «chini ya» peke yake ni <. Mtego mkubwa ni ulinganisho. Swali likisema kilo za mahamri ziwe angalau mara mbili ya kilo za viazi, wengi huandika 2x ≥ y kwa sababu neno «mara mbili» limetajwa baada ya mahamri. Jaribu kwa namba: viazi vikiwa kilo 2, mahamri lazima yafike kilo 4. Kauli sahihi ni x ≥ 2y. Ile nyingine ingeridhika na kilo moja tu ya mahamri, kinyume kabisa na maneno ya swali.

Chora mistari minne, yote mizima. Wa 2x + y = 20 unapita (10, 0) na (0, 20); wa x + 2y = 16 unapita (16, 0) na (0, 8); x = 3 ni wa wima na y = 2 ni wa mlalo. Kwa kuwa namba zinafika 20, sentimita moja kwa kila namba mbili itafaa, na mraba mdogo sasa ni 0.4. Tia kivuli pande zisizotakiwa. Eneo jeupe lina pembe nne: (3, 2), (9, 2), (8, 4) na (3, 6.5). Pembe ya (8, 4) usiitegemee grafu peke yake. Tatua milinganyo miwili kwa pamoja uone kwamba 16 + 4 ni 20 na 8 + 8 ni 16.

Faida ni 120x + 100y, na thamani yake kubwa zaidi hupatikana kwenye pembe ya eneo. Sababu ni kwamba nukta zenye faida sawa hupangika kwenye mstari nyoofu. Chora mmoja wa mistari hiyo, tuseme 120x + 100y = 600, unaopita (5, 0) na (0, 6), kisha sogeza rula sambamba nao ukielekea juu kulia. Pembe ya mwisho kuguswa na rula kabla haijatoka nje ya eneo ndiyo jibu. Njia ambayo Mmarekani George Dantzig aliitoa mwaka 1947 kwa maswali yenye vigeu vingi mno kuchorwa kwenye karatasi hutembea kwa wazo hilo hilo, kutoka pembe hadi pembe. Kwa mama wetu, pembe zinatoa shilingi 560, 1,280, 1,360 na 1,010. Kilo 8 za mahamri na kilo 4 za viazi zinashinda, na hapo ametumia mtaji wote na dakika zote.

Si kila mara pembe huangukia namba kamili. Mtaji ukishuka hadi shilingi 1,900, kauli ya pesa inakuwa 2x + y ≤ 19, na mistari ya pesa na muda inakutana mahali ambapo x ni 7.33 na y ni 4.33 takribani. Iwapo unga na viazi hupimwa kwa kilo nzima tu, pembe hiyo haitumiki, na mwanafunzi mwenye haraka hukata desimali na kuandika (7, 4), ambayo inatoa shilingi 1,240. Inafaa kujaribu nukta zote za namba kamili zilizo karibu na pembe na ndani ya eneo. Nukta ya (8, 4) iko nje, kwa kuwa 16 + 4 ni 20. Ya (6, 5) imo, lakini inatoa 1,220. Ya (8, 3) imo, kwa kuwa 16 + 3 ni 19 na 8 + 6 ni 14, nayo inatoa shilingi 1,260, ndiyo inayoandikwa kuwa jibu.